Alama 38 za hisabati: uchambuzi wa kisa cha kijana aliyevunjwa moyo na matokeo

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia nyumba hadi nyumba kila matokeo yanapotoka. Hakuna mtoto mmoja anayeelezwa hapa, na alama zinazotajwa ni za kisa tu. Lakini maneno yaliyosemwa, mpangilio wa siku na mahali mambo yalipoharibika, mzazi yeyote aliyewahi kukaa na mtoto aliyefeli atayatambua.

Ijumaa hadi Jumapili

Kijana ana miaka 15, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mtihani ni wa kumaliza mwaka, na ndio unaoamua nani aingie mchepuo wa sayansi. Katika mtihani wa majaribio, miezi miwili kabla, alipata wastani wa 74, na nyumbani suala la mchepuo lilikuwa limekwisha: ni sayansi. Matokeo yakaja hivi: lugha 71, historia 58, jiografia 49, sayansi 44, hisabati 38. Wastani 52.

Yalitumwa kwenye simu ya baba saa 10 jioni, akiwa kazini. Baba akapiga nyumbani. Kijana alipopokea, neno la kwanza lililomfikia lilikuwa: "Hivi mwaka mzima ulikuwa unafanya nini?" Yeye mwenyewe alikuwa hajaziona alama zake. Alijua amefeli kwa kuisikia sauti ya baba yake, kabla hajajua amefeli nini.

Jioni wakakaa sebuleni kama dakika 40. Baba alitaja ada, masomo ya ziada, vitabu vilivyonunuliwa. Akamtaja mdogo wake wa miaka 12, aliyepata wastani wa 83. Akasema simu itachukuliwa. Mama alijaribu kupoza: "Basi, mwanangu, si kitu, yatapita." Usiku shangazi akauliza kwenye kundi la familia, "Matokeo ya kijana wetu vipi? Tunasubiri habari njema," na mama akaandika, "Tunamshukuru Mungu," kisha akabadilisha mazungumzo. Kijana aliyasoma yote hayo kwenye simu ya mdogo wake.

Jumamosi hakutoka chumbani mpaka saa 6 mchana. Kila alipoulizwa jambo alijibu "sawa". Alipoitwa kula alisema ameshiba. Jumapili asubuhi alimkaripia mdogo wake kwa jambo dogo, akabamiza mlango, na sauti yake ikasikika kutoka ndani: "Mimi ni mjinga tu. Bora nisingekuwepo."

Walichokosea ni siku

Ukiyapima maneno ya baba moja moja, mengi yalikuwa kweli. Ada ililipwa, vitabu vilinunuliwa, na kweli kijana hakujipanga vizuri. Ndiyo maana wazazi wengi hushangaa wakiambiwa wamekosea, wanauliza, "Sasa nilisema uongo gani?" Hakusema uongo. Alisema siku ya kwanza mambo yanayofaa kusemwa siku ya nane.

Mtoto aliyepata matokeo mabaya ana maswali mawili kichwani. Moja ni la wazi: sasa nifanye nini? La pili hatalitamka, nalo ndilo zito: je, hapa nyumbani mimi bado ni yule yule? Hilo la pili hutangulia, na mpaka lijibiwe hakuna atakachosikia kuhusu la kwanza. Mpango wa masomo unaotolewa katika saa hizo, hata ukiwa mzuri, humfikia kama orodha ya masharti ya kukubaliwa tena.

Watafiti Kyla Haimovitz na Carol Dweck walionyesha mwaka 2016 jambo linalogusa hapa moja kwa moja. Watoto hawaoni kwa urahisi kile mzazi anachoamini kuhusu akili. Wanachokiona ni namna mzazi anavyopokea kushindwa. Mzazi anayelipokea kosa kama balaa, mtoto wake huelekea zaidi kuamini kwamba akili ni kitu ulichopewa kwa kipimo, na kipimo kikifika mwisho basi. Kwa hiyo ile simu ya saa 10 ilikuwa zaidi ya hasira za baba kupita. Ilikuwa somo, na kijana alilielewa vizuri sana.

Mama naye, kwa upendo wake wote, alikosea upande wa pili. "Si kitu" haimwondolei mtoto maumivu. Humwambia kwamba maumivu yake hayana mahali pa kukaa. Kwake ni kitu. Amepoteza mchepuo alioutarajia, pengine na marafiki watakaoingia darasa lile bila yeye. Sentensi ambayo ingemsaidia Ijumaa ile ni fupi: "Najua ulitaka sana. Inauma. Niko hapa." Kisha mtu anyamaze, aketi, aache ukimya uwepo.

Kuna jambo la zamani zaidi pia. Tangu darasa la pili kijana huyu aliitwa "profesa" nyumbani. Jina la mapenzi, halina ubaya kwa nia. Lakini katika majaribio ya Claudia Mueller na Carol Dweck yaliyochapishwa mwaka 1998, watoto waliosifiwa kwa akili zao, tofauti na waliosifiwa kwa juhudi, walikata tamaa haraka walipokutana na maswali magumu, wakafanya vibaya zaidi baadaye, na wengi wao zaidi walidanganya kuhusu alama walizopata. Mtoto anayeitwa profesa anapofeli hupoteza alama, na juu yake hupoteza jina. "Mimi ni mjinga tu" ni profesa aliyevuliwa joho.

Tazama pia jinsi sentensi hiyo ilivyojengwa. Kilichotokea ni kwamba masomo matatu yalikwenda vibaya mwaka huu. Kijana amelihamisha jambo kutoka "hisabati" hadi "kila kitu", kutoka "nilifanya" hadi "ndivyo nilivyo", na neno "tu" limefunga mlango: hakuna zaidi. Alama 71 ya lugha imepotea kabisa katika hesabu yake. Haikutajwa na mtu yeyote nyumbani mpaka siku ya nane, ingawa ingetajwa siku ya kwanza ingesikika kama pipi ya kumnyamazisha. Nayo ina siku yake.

"Bora nisingekuwepo"

Hapa ndipo mahali pa kutopita haraka, na ndipo wengi hupita. Mzazi husikia, moyo unashtuka, kisha anajiambia ni maneno ya hasira. Au anaogopa kwamba akiuliza atampandikizia mtoto wazo. Hofu hiyo haina msingi: tafiti zilizochunguza jambo hili hazikuona kwamba kuuliza kuhusu kujiua kunaongeza hatari, na kwa wengi kuulizwa huleta nafuu, maana hatimaye kuna mtu anayejua.

Mama alisubiri kama dakika 20 hasira ishuke. Akabisha hodi, akaingia, akakaa sakafuni kando ya kitanda. Hakukaa mbele ya uso wa mtoto. Mtoto mwenye aibu huzungumza rahisi zaidi asipotazamwa machoni. Akasema: "Mwanangu, nimekusikia ukisema bora usingekuwepo. Nataka nikuulize, na jibu lolote utakalonipa sitakasirika. Umekuwa ukifikiria kufa, au kujiua?"

Neno lenyewe limetajwa. Hakusema, "Hufikirii mambo ya ajabu, au sivyo?" Swali la namna hiyo limebeba jibu lake ndani, na jibu ni "hapana", hata kama ukweli ni "ndiyo".

Kijana alikaa kimya muda mrefu, akivuta uzi uliochomoza kwenye shuka. Mama hakuujaza ukimya. Mwishowe: "Sijui. Nataka tu nipotee. Sitaki kwenda shule Jumatatu."

Kupotea si sawa na kupanga kujiua, lakini halikuwa jibu la kuachia hapo. Mama aliuliza tena, taratibu: umewahi kufikiria namna ya kufanya? Kuna kitu umekiweka mahali? Mawazo haya yalishawahi kuja kabla ya matokeo? Alijibu hapana kwa yote matatu. Mama akasema, "Asante kwa kuniambia. Hili hutalibeba peke yako." Kijana alipoomba baba asiambiwe, mama hakuahidi. Alimwambia ukweli: "Baba lazima ajue, kwa sababu tunataka uwe salama. Nitamweleza mimi, na hatakugombeza." Ahadi ya siri katika jambo hili ni mtego, ukiivunja umepoteza imani yake, na ukiitunza unaweza kumpoteza yeye.

Siku hiyo hiyo walifanya mambo ambayo hayakuhitaji mazungumzo. Dawa zote za hospitali, hata za maumivu ya kawaida, pamoja na sumu ya panya na dawa ya wadudu, vilifungiwa kabatini na ufunguo akakaa nao mama. Waliafikiana asiachwe nyumbani peke yake kwa siku hizo, na mlango wa chumba usifungwe kwa ufunguo usiku. Mama alimtumia ujumbe mwalimu mshauri wa shule akiomba nafasi Jumatatu asubuhi, akaandika waziwazi kilichosemwa badala ya "mtoto hayuko vizuri kidogo".

Kama angejibu ndiyo, ana mpango, au ana kitu mkononi, hakungekuwa na kusubiri Jumatatu. Hapo mtoto haachwi peke yake hata dakika moja, vitu vya hatari vinaondolewa, na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Vivyo hivyo akionekana na majeraha aliyojikata, akianza kugawa vitu vyake vya thamani, kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida, au akitulia ghafla baada ya siku nyingi za dhoruba bila sababu inayoonekana.

Huzuni ya kawaida ya matokeo huwa nzito siku za mwanzo, kisha hulegea kwa vipindi: leo anacheka kidogo, kesho anazama tena. Ikiwa siku nyingi ndani ya wiki mbili mtoto haonyeshi hata vipindi hivyo, usingizi umevurugika, chakula hakipiti, michezo aliyoipenda haimvuti, anajilaumu kupita kiasi, basi aonwe na mtaalamu wa afya ya akili, au daktari wa kawaida kama huyo hapatikani kwa haraka. Kwa kijana wa umri huu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, mara nyingi huvaa sura ya hasira badala ya machozi. Ule mlango uliobamizwa ungeweza kuhesabiwa utovu wa nidhamu, akapewa adhabu, na mambo yakaishia hapo.

Baba anaomba radhi, mara mbili

Jaribio la kwanza lilikuwa Jumapili usiku: "Samahani kwa maneno ya Ijumaa, lakini na wewe lazima uelewe..." Kijana aligeukia ukuta. Neno "lakini" lilifuta kila kilichotangulia.

La pili lilikuwa Jumatatu jioni, wakitembea bega kwa bega. "Ijumaa nilikupigia nikiwa na hasira, ukayajua matokeo yako kupitia ukali wangu. Sikukutendea haki. Nilikulinganisha na mdogo wako, na hilo sitalirudia. Matokeo tutayaangalia pamoja, ila si wiki hii. Wewe ni mwanangu, na hilo halipimwi kwa alama." Kisha akanyamaza. Kijana hakujibu kitu, waliendelea kutembea. Baba alitamani kuuliza, "Umenisamehe?" na alifanya vyema kutouliza, maana swali hilo humpa mtoto kazi ya kumfariji mzazi.

Kilichofanya radhi hii ifike ni kwamba ilitaja tendo lenyewe. "Samahani kama nilikuumiza" haitaji kitu. Mtoto anabaki akijiuliza kama baba anajua alichofanya.

Baba naye ameumia, na hilo si la kudharau. Alijinyima, alitumaini, alijivunia mbele ya wenzake. Maumivu hayo yana haki ya kusikilizwa, ila yapelekwe kwa mkewe, kwa rafiki, kwa ndugu wa rika lake. Hatumshauri mzazi ajifanye ana furaha. Mtoto atamgundua ndani ya dakika tano. Anaweza kusema, "Na mimi nimeumia, ila hilo ni langu, nitalimudu." Ijumaa ile, nusu saa ya kutembea kabla ya kushika simu ingeokoa juma zima.

Ndugu, na mdogo mtu

"Tunamshukuru Mungu" kwenye kundi la familia ilikusudiwa kumlinda. Yeye alisoma kwamba matokeo yake ni ya kufichwa. Jumatano mama aliandika ujumbe mpya akamwonyesha kwanza: "Matokeo yametoka, hayakuwa kama tulivyotarajia. Ana huzuni sana. Tunayafanyia kazi pamoja naye. Tunaomba asiulizwe kwa sasa, akipenda atasema mwenyewe." Kijana alifuta sentensi ya pili, akarudisha simu. Mama akautuma vile vile alivyouacha. Kufuta sentensi moja kulikuwa uamuzi wa kwanza aliopewa tangu Ijumaa.

Kwa mdogo wake walikuwa wamefanya kosa la huruma: walificha furaha yake. Hakupongezwa, ili kaka asiumie. Siku ya tano binti alimuuliza mama kama amekosea kupata 83. Basi Alhamisi waliweka sawa. Kijana aliambiwa mapema, "Leo jioni tutampongeza mdogo wako. Ukitaka kukaa, kaa. Ukichoka, inuka, hakuna atakayekuuliza." Binti akapongezwa kwa kazi yake, bila neno lolote la kumtazama kaka. Kijana alikaa mpaka mwisho. Mtoto aliyefeli akigeuzwa sababu ya nyumba nzima kunyamaza, mnamwongezea mzigo mwingine.

Simu hawakumnyang'anya. Walikubaliana zote, za wazazi pamoja, zilale sebuleni kuanzia saa 3 usiku. Kumkatia kijana marafiki katika wiki aliyowahitaji kuliko zote kungekuwa kosa kubwa.

Siku ya nane: karatasi mezani

Mtu aliyejiita mjinga hatoki huko kwa kuambiwa ana akili. Hutoka akionyeshwa kitu kinachopingana na neno lake, na hicho kilikuwa kwenye karatasi yenyewe ya majibu, ambayo shule iliirudisha.

Kwanza baba alimuuliza kama yuko tayari, na akapewa ruhusa ya kusema kesho. Alisema leo. Walikuwa wawili tu, dakika 30 zilizopimwa kwa saa, na kalamu akashika kijana. Hilo la mwisho ni muhimu: mzazi akishika kalamu, inageuka kesi mahakamani.

Hisabati ilikuwa maswali 10, alama 100, dakika 150. Alipoteza alama 62. Walichora safu tatu kwenye karatasi nyeupe, na kila alama iliyopotea ikaingia mojawapo. Safu ya kwanza ni zile ambazo hakuandika kitu: swali la 9 lenye alama 14 na la 10 lenye 13, yaani 27. Safu ya pili ni kosa la mkono: alama ya kutoa iliyogeuka kujumlisha, namba iliyonakiliwa vibaya kutoka kwenye swali, jibu sahihi lililosahauliwa kipimo. Jumla 14. Safu ya tatu ni ambayo kweli hakuelewa: 21, nazo karibu zote zilitoka mada mbili, milinganyo yenye sehemu na uwezekano.

Hapo baba alitaka kusema, "Unaona, ungepata 79!" Ni kishawishi kikubwa, na si kweli. Swali lililoachwa wazi si swali analoliweza mpaka alifanye. Kwa hiyo kesho yake kijana alipewa swali la 9 na la 10 ayafanye bila saa. Akasahihisha kwa mwongozo wa mwalimu: alama 19 kati ya 27. Namba hiyo alijipatia mwenyewe, na hakuna sifa ya mzazi ingeweza kushindana nayo.

Kwa nini basi hayakuandikwa? Ukigawanya dakika 150 kwa alama 100, kila alama ina dakika moja na nusu. Swali la 3 lilikuwa na alama 8, hivyo stahili yake ni dakika 12. Alikumbuka kulikalia kama dakika 35. Jibu halikutoka, akafuta, akaanza upya, mikono ikatoka jasho, na alipoinua macho wenzake walikuwa mbali. Kuanzia hapo alikimbia, na ndiko kosa la mkono lilikozaliwa. Mengi ya zile alama 14 yalikuwa katika maswali ya 5 hadi 8.

Baba aliuliza swali moja zuri kuliko yote ya wiki hiyo: "Wiki ile ya mtihani ulikuwa unalala saa ngapi?" Saa 8 usiku, na saa 11 alfajiri yuko macho. Saa tatu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Nyumbani walikuwa wanaiona taa yake ikiwaka na kumsifu kwa kukesha.

Mwisho wa dakika 30, neno "mjinga" lilikuwa limegawanyika kuwa kazi nne zenye majina: kugawa muda, kukagua mkono, mada mbili za kujifunza, na usingizi. Na hapo, siku ya nane, baba alivuta karatasi ya lugha na kuuliza, "Hii 71 uliifanyaje?" Hakusema "hongera". Aliuliza njia. Kijana alieleza kwamba insha aliigawia dakika na kuikagua kabla ya kukabidhi. Alipomaliza sentensi hiyo alikaa kimya, akaitazama tena karatasi ya hisabati.

Sayansi ilichambuliwa kwa namna hiyo hiyo siku nyingine, na makosa yalifanana sana. Jiografia ilikuwa hadithi nyingine kabisa: hakuwa amesoma. Alisema mwenyewe, bila kulazimishwa, na baba alijibu, "Sawa, hiyo tumeijua." Mtoto akisema ukweli mchungu, kinachofuata ndani ya sekunde tatu ndicho kitakachoamua kama atausema tena.

Wiki ya pili hadi ya sita

Mpango uliandikwa na kijana, ukawa mdogo kuliko baba alivyotaka. Vipindi vinne kwa wiki, dakika 25 kila kimoja, juu ya zile mada mbili za hisabati. Dakika 10 za mwanzo kitabu kimefungwa, anaandika kwenye karatasi tupu kila anachokumbuka; 15 zilizobaki ni maswali. Sababu ya kufunga kitabu inajulikana vizuri tangu majaribio ya Henry Roediger na Jeffrey Karpicke ya mwaka 2006: waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, ila baada ya siku mbili na baada ya wiki, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma humpa mtoto hisia ya kujua, na hisia hiyo humwacha mkono siku ya mtihani.

Kipindi kimoja kati ya vinne kilifanywa kwa saa mezani. Swali la alama 8, dakika 12. Zikiisha anaacha nafasi, anaweka alama pembeni na kusonga mbele hata kama jibu linakaribia. Zoezi hili lilimuuma zaidi kuliko aljebra. Mara mbili alikataa kuliacha swali. Walimwongezea kitu kidogo cha mwili: kalamu chini, pumzi ndani kwa hesabu ya nne, nje taratibu kwa hesabu ya sita, mara tano, ndipo afungue swali linalofuata.

Mpira wa Jumamosi haukuguswa. Wazazi wengi huanza kwa kuuondoa, nao ndio mahali pekee palipobaki ambapo mtoto bado anajiona anaweza.

Wiki ya tatu mambo yaliharibika. Baba alianza kuuliza kila jioni, "Umesoma?" Kijana akaanza kujibu "ndiyo" siku ambazo hakusoma. Mama aligundua daftari halijafunguliwa siku tatu, na nyumba ikarudi karibu na Ijumaa ile. Chanzo si uvivu peke yake. Swali lile, likiulizwa kila siku na mtu yule yule aliyepiga simu, lilikuwa mtihani mdogo wenye jibu moja tu linalokubalika. Wakalibadilisha: siku za kazi haulizwi. Jumapili alasiri ana dakika 15 na baba, naye ndiye anayeonyesha alichofanya, alichoruka na sababu. Wiki ya nne alionyesha vipindi viwili kati ya vinne. Baba alisema, "Viwili. Kipi kilizuia hivyo vingine?" na jibu likawa kwamba alikuwa akianza amechoka, saa 3 usiku. Wakavihamishia saa 11 jioni.

Mwalimu mshauri alimwona mara nne katika kipindi hicho. Kila Jumapili mama naye alirudia swali alilouliza kando ya kitanda, kwa maneno mafupi: "Yale mawazo ya kutaka kupotea, wiki hii yamekuja?" Wiki ya pili yalikuja mara moja. Wiki ya nne hayakuja. Kabati la dawa liliendelea kufungwa.

Kuhusu mchepuo, walisubiri hadi wiki ya pili ndipo wakaenda shule, kijana akiwa miongoni mwao. Maswali waliyokwenda nayo yalikuwa ya kiutendaji: kigezo cha kuingia ni alama zipi hasa, kuna mtihani wa marudio, kuna muda ambao mwanafunzi anaweza kuhamia mchepuo akipandisha alama, na maombi yanafungwa lini. Tarehe ya mwisho ndiyo pekee iliyofaa kuulizwa mapema, kwa simu, wiki ile ile ya kwanza, bila kumhusisha mtoto. Fursa nyingi hupotea familia ikiwa bado inalia. Njiani kurudi kijana alisema hana hakika kama bado anaitaka sayansi au aliitaka kwa sababu kila mtu alikuwa anaisema. Wazazi hawakumjibu siku hiyo. Baba alisema tu kwamba ni swali linalostahili muda, na kwamba kuna wiki tatu kabla ya fomu kufungwa.

Wiki ya sita palikuwa na jaribio la darasani la hisabati, akapata 57. Bado alikunja uso. Safu zake tatu alizichora mwenyewe kabla ya kuileta karatasi: hakuna swali lililoachwa wazi, kosa la mkono 9, yasiyoeleweka 34, mengi ya mada mpya.

Kabla muhula haujaisha waliandika makubaliano ya siku ya matokeo yajayo, ukurasa mmoja, ukabandikwa ndani ya mlango wa kabati. Matokeo yakija kwenye simu ya baba, hayafungui mpaka awe nyumbani. Kijana huyafungua mwenyewe, na huchagua nani akae naye. Siku ya kwanza hakuna mazungumzo ya sababu wala ya mipango. Ndugu hawaambiwi mpaka yeye aseme. Karatasi za majibu huchambuliwa kuanzia siku ya tatu, si kabla. Mstari wa mwisho aliuongeza yeye kwa mwandiko wake: "Baba asipige simu. Aje."